Marudio ya Lwamgasa: dhahabu inaenda kwa nani, zebaki inabaki kwa nani

Ukitaka kuielewa Lwamgasa, duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, liache kwanza, anza na mwalo, mahali mawe yanaposagwa na kuoshwa. Duara lina kina kinachotisha, na kifusi kikiporomoka habari hufika mjini siku hiyohiyo. Mwaloni hakuna kinachoporomoka. Kuna karasha zinazonguruma, kuna mawe yaliyosagwa yakawa unga, kuna madimbwi ya maji yenye rangi ya udongo, na kando yake watu wameinama juu ya makarai. Hapo ndipo dhahabu inapoachana na mwamba, na hapo ndipo inapoamuliwa nani ataondoka na fedha na nani ataondoka na sumu mwilini. Uamuzi huo haufanyiki gizani wala kwa hila. Umo ndani ya utaratibu wenyewe wa kazi, na ndiyo maana zaidi ya miaka 20 ya semina, mabango na makatazo haijaung'oa.

Lwamgasa ni kata ya Wilaya ya Geita, kusini magharibi mwa mji wa Geita. Dhahabu ya ukanda huu inajulikana tangu enzi ya Wajerumani. Mgodi wa chini ya ardhi wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na mwaka 2000 ukafunguliwa mgodi mkubwa wa wazi wa kampuni ya Geita Gold Mining. Wachimbaji wadogo wanaishi pembeni ya historia hiyo ya makampuni. Waliongezeka kwa kasi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu moja kwa moja kutoka kwa wananchi. Leo nchi nzima wanakadiriwa kupita milioni moja, na serikali imesema mara kadhaa kwamba mchango wao katika mapato ya madini umefika kiasi cha asilimia 40.

Nayasema haya kabla ya kuitaja sumu kwa sababu uchambuzi mwingi wa mazingira huyaruka. Dhahabu ya Lwamgasa imelipa ada za shule, imeezeka nyumba kwa mabati, imenunua ng'ombe na pikipiki, na imewapa vijana kazi katika mkoa ambao mvua ikikosekana shamba halimlishi mtu. Anayekuja na ushauri wa kufunga kila kitu anawaambia watu wabadilishe ugonjwa wa kesho kwa njaa ya leo, na hakuna mzazi atakayekubali biashara hiyo.

Kutoka jiwe hadi donge

Jiwe likitoka kwenye duara hupondwa kwa nyundo, kazi ambayo mara nyingi hufanywa na wanawake, kisha huingizwa kwenye karasha, pipa la chuma linalozunguka likiwa na gololi nzito ndani yake. Unga unaotoka humwagiwa maji juu ya mbao zilizoinamishwa na kutandikwa magunia ya katani. Dhahabu ni nzito, hivyo hunasa kwenye nyuzi za gunia pamoja na mchanga mzito mweusi. Gunia hukung'utwa ndani ya karai, na hapo zebaki inamwagwa.

Zebaki ni metali iliyo kimiminika, nzito mara 13 na zaidi kuliko maji. Ikikutana na chembe za dhahabu huzifumbata na kuziunganisha. Mchenjuaji huikoroga kwa mikono mitupu, huosha mchanga ukatoka, halafu hukamua kilichobaki ndani ya kitambaa. Zebaki iliyo huru hupenya na kurudi kwenye chupa. Ndani ya kitambaa hubaki donge la rangi ya fedha, karibu nusu dhahabu na nusu zebaki. Donge huwekwa kwenye kibati juu ya moto wa mkaa. Zebaki huchemka katika nyuzi joto 357, hivyo moto wa kawaida tu unatosha kuifukuza. Baada ya dakika chache donge hugeuka manjano na mnunuzi huweka mizani mezani.

Kwa njia hii ya kuosha kwanza na kuchanganya baadaye, kila gramu ya dhahabu hugharimu takribani gramu moja ya zebaki au zaidi kidogo. Kuna njia mbaya zaidi, ya kumimina zebaki kwenye unga wote wa mawe kabla ya kuosha, inayopoteza zebaki nyingi mno. Wachenjuaji wengi wa Lwamgasa hawafanyi hivyo, na jambo hilo lisemwe kwa haki yao: mbinu yao ya magunia tayari inapunguza madhara kuliko inavyoonekana katika nchi nyingine zinazochimba kwa mikono.

Moshi usioonekana

Watu wengi huogopa zebaki inayong'aa kwenye chupa. Hatari kubwa iko kwenye ile isiyoonekana. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu, na mtu akiuvuta, kiasi cha asilimia 80 hubaki mwilini. Kutoka mapafuni huingia kwenye damu, kutoka kwenye damu hufika kwenye ubongo na figo, na kwa mjamzito huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni. Dalili huja polepole: mikono kutetemeka, usingizi kupotea, kusahau, hasira zisizo na sababu, mwendo wa kuyumba, ladha ya chuma mdomoni. Kila dalili kati ya hizo ina maelezo mengine ya haraka kijijini. Anayetetemeka huambiwa ni pombe. Anayesahau huambiwa ni uchovu au umri. Maumivu ya kichwa huitwa malaria na hupewa dawa ya malaria.

Wanaochoma donge si wachenjuaji pekee. Kuna wanaochoma nyuma ya duka la mnunuzi, na kuna wanaochoma nyumbani, kwenye jiko lilelile la ugali, kwa sababu dhahabu ni mali ya kuibwa na nyumbani ndiko salama. Mvuke ukipoa hutulia kwenye ukuta, kwenye kitanda, kwenye nguo za mtoto, na siku ya joto hupanda tena hewani. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto katika machimbo madogo ya Tanzania, ikiwemo Geita, ikaeleza jinsi watoto wanavyoshika zebaki na kuwa karibu na moto wake. Sheria inakataza mtoto kufanya kazi hizi. Lakini hata akiwa shuleni mchana, jioni anarudi kulala katika chumba ambamo donge lilichomwa saa kumi.

Kilichopimwa 2003

Lwamgasa ni moja ya sehemu chache za Afrika Mashariki ambazo hatuhitaji kubahatisha juu yake. Kati ya 2002 na 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, UNIDO, liliendesha Mradi wa Dunia wa Zebaki katika nchi sita: Brazil, Indonesia, Laos, Sudan, Tanzania na Zimbabwe. Kwa Tanzania, Lwamgasa ndiyo iliyochaguliwa. Mwaka 2003 wanajiolojia wa Uingereza walichukua sampuli za maji, udongo, mashapo ya mito na samaki, na madaktari kutoka Munich wakapima watu, wakiwalinganisha na wakazi wa Katoro, ambako hakukuwa na uchenjuaji wa aina hiyo.

Walichokikuta hakikuwa kile ambacho wengi walikitarajia. Hofu kubwa ya miaka ile ilikuwa Ziwa Victoria: kwamba zebaki ya wachimbaji inaingia ziwani, inageuzwa na bakteria kuwa zebaki ya kikaboni, inapanda kutoka dagaa hadi sangara, na kutoka sangara hadi mezani kwetu na kwa wanunuzi wa Ulaya. Samaki waliopimwa katika ghuba ya Nungwe, upande wa Geita, kwa sehemu kubwa walikuwa ndani ya viwango vinavyokubalika. Tena maji ya Lwamgasa hayaendi Ziwa Victoria. Mteremko wake unaelekea mto Nikonga, ambao unaingia kwenye ardhioevu za Moyowosi na Malagarasi, upande wa Ziwa Tanganyika. Zebaki nyingi ilikutwa karibu kabisa na ilikotumika: kwenye lundo la mchanga uliokwisha kuoshwa, kwenye udongo wa mialo, kwenye matope ya vijito vya jirani. Na miongoni mwa watu, waliobeba mzigo mkubwa zaidi ni wachomaji wa madonge.

Kwa hiyo mtu wa kwanza kuumia hakuwa mlaji wa sangara wa Brussels wala wa Dar es Salaam. Alikuwa mtu aliyeshika kibati juu ya moto, na mkewe, na mtoto wake. Nadhani matokeo haya hayakusikika vya kutosha. Habari ya samaki wa kuuza nje iliwagusa wakubwa, mabaraza yakakaa. Ilipojulikana kwamba samaki kwa wakati ule wako salama, haraka ikapungua, kana kwamba aliyebaki na mvuke mapafuni hakuwa sehemu ya hesabu.

Kuna jambo jingine lililojitokeza katika eneo la ziwa. Masazumi Harada, daktari wa Kijapani aliyetumia maisha yake kuwahudumia wagonjwa wa Minamata, mji wa Japani ambao watu wake walidhuriwa na zebaki ya kiwanda, alikuja Tanzania na wenzake miaka ya 1990 na utafiti wao ukachapishwa 1999. Baadhi ya waliokutwa na zebaki nyingi kwenye nywele hawakuwa wachimbaji. Walikuwa watumiaji wa sabuni za kujichubua zenye zebaki. Hili linawahusu moja kwa moja wauguzi wa zahanati: ukimkuta mama ana zebaki nyingi, muulize juu ya moto wa dhahabu, na muulize pia juu ya sabuni.

Hesabu ya marudio

Sasa tufike kwenye kiini. Mchanga unaobaki baada ya kuosha huitwa marudio, na mgeni anaweza kudhani ni takataka. Si takataka. Uchenjuaji wa magunia na zebaki hukamata sehemu tu ya dhahabu iliyomo, mara nyingi chini ya nusu. Chembe ndogo zilizofungwa ndani ya punje za mwamba hupita zote.

Tuchukue mfano wa mahesabu tu. Mchimbaji analeta tani moja ya mawe yenye gramu 10 za dhahabu. Mwaloni anapata gramu tatu na nusu. Kutoka hapo anatoa fungu la mwenye leseni, fungu la aliyemfadhili chakula na baruti, na malipo ya wapondaji. Kinachobaki anagawana na wenzake wa duarani. Gramu sita na nusu zimebaki kwenye lundo la marudio, na lundo hilo kwa desturi ni la mwenye karasha. Ndiyo bei halisi ya kusagiwa. Mwenye karasha anaweza kutoza kidogo sana, hata kusaga bure, kwa sababu analipwa na mchanga.

Marudio yakifika wingi wa kutosha huuzwa au hupelekwa kwenye vati, yale matangi makubwa ya saruji ambamo mchanga hulowekwa kwa maji ya sayanaidi kwa siku kadhaa. Sayanaidi huyeyusha hata zile chembe ndogo, kaboni huzinasa, na kaboni hupelekwa kwenye mtambo wa ilusheni kutoa dhahabu. Mwenye vati anaweza kupata gramu nne au tano kutoka kwenye mchanga ambao mchimbaji alipata tatu na nusu.

Tazama jinsi mzigo ulivyogawanyika. Aliyeshuka duarani na kushika zebaki amepata sehemu ndogo ya dhahabu na karibu mvuke wote. Mwenye mtaji amepata sehemu kubwa, na hakuwasha moto hata mara moja. Zebaki imebaki kuwa zana ya maskini kwa sababu ndiyo njia pekee inayompa fedha jioni ileile bila mtaji, bila umeme, bila maabara na bila kumwamini mtu mwingine. Mtaalamu anapomwambia mchimbaji kwamba zebaki ni teknolojia duni, anasema kweli, lakini anamwambia mtu asiye na mahali pa kwenda.

Halafu kuna kinachotokea ndani ya vati. Marudio yaliyochanganyika na mabaki ya zebaki yakimwagiwa sayanaidi, zebaki nayo huyeyuka. Zebaki ambayo ingelala kwenye mchanga kama matone mazito sasa inasafiri na maji. Sayanaidi yenyewe huua haraka ikimwagika mtoni, lakini jua na hewa huivunja baada ya muda. Zebaki haivunjiki kamwe. Ukiiyeyusha umeipa miguu. Hata kama samaki wa 2003 walikuwa salama, vipimo vile haviwezi kuwasemea samaki wa leo, kwa sababu baada ya miaka ile uchenjuaji wa vati ulienea katika ukanda wote wa ziwa.

Mkataba, soko na mtambo

Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulipitishwa Kumamoto, Japani, Oktoba 2013, ukaanza kufanya kazi Agosti 2017. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mkataba huo haupigi marufuku uchimbaji mdogo wala haukatazi kila tone la zebaki mara moja. Unazitaka nchi ziwe na mpango wa taifa, na unataja vitendo vinne vya kukomeshwa: kumwaga zebaki kwenye unga wote wa mawe, kuchoma donge mahali pa wazi, kuchoma donge katika makazi ya watu, na kuloweka kwa sayanaidi mchanga wenye zebaki bila kuiondoa kwanza. Soma tena hivyo vinne ukiwa na picha ya Lwamgasa kichwani. Cha kwanza kwa sehemu kubwa kinaepukwa. Vitatu vilivyobaki vimekuwa sehemu ya kazi ya kila siku katika machimbo ya ukanda huu.

Makatazo peke yake yamegonga ukuta. Kwa sheria, zebaki ni kemikali inayotakiwa kuingizwa na kuuzwa kwa kibali chini ya usimamizi wa Mkemia Mkuu wa Serikali. Machimboni lakini huipati dukani kwa kibali. Unaipata kwa mnunuzi wa dhahabu. Anakupa bure au kwa mkopo, kwa sharti la kumuuzia yeye. Zebaki hapa inafanya kazi ya mkataba wa mauzo. Ukiibana mpakani bila kugusa uhusiano huo, bei inapanda, chupa zinafichwa zaidi, na moto unahamia ndani zaidi ya nyumba.

Hatua ya maana zaidi katika kuuvunja uhusiano huo, kwa maoni yangu, haikutangazwa kama hatua ya mazingira. Mwaka 2019, baada ya mkutano wa Rais John Magufuli na wachimbaji wadogo, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 ziliondolewa kwa wachimbaji wadogo, na masoko ya madini yakaanza kufunguliwa, Geita likiwa la mwanzo. Mchimbaji anayeuza sokoni anaona bei ya siku ubaoni. Mrabaha wa serikali na ada ya ukaguzi hukatwa mbele yake. Hana sababu ya kuuza usiku kwa mtu aliyempa zebaki, isipokuwa anadaiwa. Na hapo ndipo soko lilipoishia: lilimpa bei, halikumpa mkopo.

Lwamgasa pia kimejengwa kituo cha mfano cha uchenjuaji kinachosimamiwa na Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, pamoja na vingine viwili vya Katente na Itumbi, chini ya mradi wa serikali uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kituo hutumia sayanaidi na kaboni bila zebaki, na kinachokusudiwa ni mchimbaji apate ile dhahabu ambayo mwaloni ingemponyoka. Naunga mkono wazo hili kwa moyo wote. Lakini mtambo wa aina hii unapenda tani nyingi kwa mkupuo na unahitaji siku kadhaa. Kikundi cha duara kina mifuko 15 leo, haijulikani kesho kitakuwa na mingapi, na kuna mtu nyumbani anasubiri hela ya unga. Mifuko yao ikichanganywa na ya wengine, wanajuaje fungu lao ni lipi?

Jibu la swali hilo lipo, na si la kifahari. Ni kupima. Kituo kikiwa na maabara inayoaminika, kila mfuko unapofika unachukuliwa sampuli mbele ya mwenyewe, unapimwa una gramu ngapi kwa tani, na mwenye mfuko analipwa sehemu kubwa ya thamani yake palepale, kabla mtambo haujawashwa. Salio hulipwa dhahabu ikishatoka. Kituo kinakuwa mnunuzi wa mawe badala ya kuwa mkodishaji wa mashine. Hapo mchimbaji anapata hela jioni ileile, anapata fungu katika zile gramu sita na nusu, na hana haja ya kushika zebaki. Anayebeba hatari ya kusubiri ni mwenye mtaji, kama inavyopaswa. Kwa bei ya dhahabu ya leo fedha ya kufanya hivyo ipo: mwaka ule wa vipimo, 2003, wakia moja kwa wastani iliuzwa chini ya dola 400, Oktoba 2025 ilipita dola 4,000.

Ugumu wake mkubwa ni uaminifu katika kuchukua sampuli. Mchimbaji anajua vizuri kwamba anayechota mchanga anaweza kuchagua achote wapi. Kwa hiyo chama cha wachimbaji kiwe na mtu wake aliyefundishwa kwenye chumba cha sampuli, nusu ya kila sampuli ifungwe na kuwekwa kwa ajili ya kupimwa tena mahali pengine, na matokeo yabandikwe ukutani. Bila hayo kituo kitaonekana kama karasha nyingine inayotaka marudio ya watu.

Wakati tunasubiri mtambo

Haiwezekani kumwambia mtu avumilie mvuke hadi mitambo ienee. Kipo kifaa cha kuchomea, chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba linalopoza mvuke ukarudi kuwa zebaki. Kinaweza kurudisha zaidi ya asilimia 90 na mafundi wa kuchomelea wa Katoro wanaweza kukitengeneza. Kiligawiwa na kuonyeshwa katika miradi mingi na bado moto wa wazi unaendelea. Sababu zinaeleweka kabisa ukizisikiliza. Mwenye donge anataka kuliona likigeuka. Kilichofungwa ndani ya chuma humpa wasiwasi kwamba dhahabu inabaki humo au inaibwa. Kifaa kinachukua muda mrefu zaidi. Na zebaki inayookolewa ni ya bei ndogo kwa mtu aliyepewa bure na mnunuzi.

Ndiyo maana naona kumkabidhi kila mtu kifaa chake ni kupoteza juhudi. Kiwekwe kibanda kimoja cha kuchomea katika kila mwalo, chenye kofia ya kuvutia moshi na chujio la kaboni, na dirisha la kioo ambalo mwenye donge anasimama mbele yake na kutazama. Mwenye leseni awajibike kwacho kama anavyowajibika kwa mrabaha. Leseni ndogo ya uchimbaji ina jina la mtu, na mkaguzi anamjua. Leo tunamfukuza mchomaji kwa mguu mashambani huku mwenye leseni anayepokea fungu lake la kila mfuko akiachwa nje ya mazungumzo. Vivyo hivyo kwa vati: ruhusa ya kuloweka marudio ipewe anayeonyesha kwanza namna anavyoiondoa zebaki, na tope lake liingie kwenye bwawa lililozuiwa lisivuje kwenda Nikonga.

Kuna uharibifu mwingine nitaugusa kwa haraka tu. Magogo ya matimba yanayozuia kuta za maduara yanatoka kwenye miombo ya Geita, na misitu imepungua sana. Vumbi la mwamba kwenye karasha huganda mapafuni na kumfungulia mlango kifua kikuu. Kumwaga maji wakati wa kusaga hupunguza vumbi hilo kwa gharama ndogo. Mashimo yaliyoachwa wazi hujaa maji, mbu na watoto wanaocheza. Kila moja lina uchambuzi wake.

Upande wa afya ndiko nionako upungufu unaoumiza zaidi, kwa sababu hauhitaji fedha nyingi. Sera nzuri ya madini isiyomfikia muuguzi wa zahanati ya machimboni ni nusu ya sera. Muuguzi anaweza kufundishwa kwa siku chache kumwambia mgonjwa anyooshe mikono, aandike mstari, atembee kisigino kwa kidole, aguse pua yake akiwa amefumba macho. Vipimo vya namna hiyo ndivyo madaktari wa 2003 walivyotumia pamoja na mkojo, damu na nywele. Kliniki ya wajawazito iwe na swali moja la lazima kwenye kadi: je, dhahabu inachomwa nyumbani kwako? Mama akijibu ndiyo, kinachomsaidia zaidi ni kuuhamisha ule moto mbali na anapolala, jambo ambalo mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kulisimamia mwenyewe kwa kwenda kuongea na baba mwenye nyumba.

Na vipimo vya 2003 virudiwe, palepale, kwa utaratibu uleule: mialo ileile, vijito vilevile, Katoro tena kama mahali pa kulinganisha, na mto Nikonga hadi unapoingia kwenye ardhioevu. Wapimwe wachomaji wa leo, wake zao, na vijana waliozaliwa Lwamgasa tangu mwaka ule, ambao sasa wengi wao wenyewe wako mwaloni. Samaki wa ardhioevu za Moyowosi wapimwe pia, kwa kuwa sayanaidi imeshabadilisha njia ya zebaki. Matokeo yasomwe kwanza kwenye mkutano wa kijiji cha Lwamgasa, kwa Kiswahili na Kisukuma, kabla hayajapelekwa kwenye mkutano wowote wa Geneva au Dodoma.